Ua Lililowekwa Roshani

Ngo! Ngo! Ngo!

Mlio ulitoka ukutani, ukapanda na bomba la maji ya moto mpaka jikoni, ukatikisa vijiko vilivyokuwa mezani. Burulai hakushtuka. Alijua ni Bibi Kalipa wa ghorofa ya chini, anagonga bomba kwa mwiko wake. Akigonga mara tatu, chai iko tayari. Akigonga mara mbili, mnapiga kelele. Mara moja hakuwahi kugonga, kwa sababu Bibi Kalipa hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

"Mjibu kuwa nakuja," mama alisema. "Acha kwanza nimalize huyu."

"Huyu" lilikuwa ua. Lilining'inia mbele ya dirisha la jikoni, ndani ya wavu wa kamba, na mashina yake membamba yalimwagika pande zote kama nywele zilizoachwa bila kusukwa. Majani yalikuwa na mistari ya rangi ya fedha juu, na chini yalikuwa ya zambarau. Kila Jumapili mama alipanda kiti, akayafuta jani moja moja kwa kitambaa chenye maji, huku akiliambia ua mambo ambayo hakumwambia mtu.

Ua hilo lilitoka kijijini, milimani, nyumbani kwa mama yake. Bibi huyo alipofariki, ndugu waligawana mazulia, masanduku na kondoo. Zuura, mama yake Burulai, aliomba shina moja tu la ua. Alilibeba ndani ya koti, kifuani, akapita nalo kwenye theluji mpaka hapa mjini Naryn, akiogopa hata kukohoa lisije likavunjika. Baba alipigilia msumari juu ya dirisha, akafuma wavu wa kamba kwa mikono yake. "Haya, mama mkwe," alilitania ua, "karibu, ukae juu yetu."

Sasa baba alikuwa Urusi, mwaka wa pili, akijenga maghorofa. Zamani alipiga simu kila Jumapili saa tano asubuhi. Tangu majani yaanze kupukutika nje, simu ilinyamaza. Burulai alipouliza, mama alijibu neno lilelile: "Huko aliko mtandao ni mbovu." Kisha alipanga mezani mabakuli matatu ya chai. Mawili aliyatia chai, nusu nusu kama ilivyo adabu. La tatu, la baba, alilifunika kifudifudi.

Burulai aligonga bomba mara moja kwa kijiko, maana yake: nimesikia.

"Tangulia na haya maandazi," mama alisema. "Mwambie nafika sasa hivi."

Burulai, msichana wa miaka kumi na miwili, alishuka ngazi akikumbatia bakuli la maandazi madogo yaliyokuwa bado moto. Mlango wa Bibi Kalipa ulikuwa wazi. Aliinama kwenye korido avue viatu, na hapo akasikia maneno kutoka jikoni.

"Zuura wa watu," ilikuwa sauti ya Bibi Kalipa, "anachokitafuta kwa mumewe ni nini, na ua la kuning'inia analo jikoni! Ua la namna ile halimwachi mwanamume akae ndani. Linamsukuma taratibu, taratibu, mpaka mlangoni. Tangu lini limening'inia pale? Na mume yuko wapi?"

"Kweli kabisa," alijibu mgeni wake, mshonaji wa mtaa wa pili. "Mpe maandazi, mpe nyama, ua litamtoa tu."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wenye chai mbele yao na mchana mrefu wa baridi wa kuumaliza. Lakini Burulai alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi, na maandazi yakapoa kifuani pake.

Kesho yake shuleni alimwuliza Nazik, rafiki aliyeketi naye dawati moja.

"Hivi ni kweli ua la kuning'inia linamfukuza baba nyumbani?"

"Lo! Umelala wapi miaka yote hii?" Nazik alisema. "Kila mtu anajua. Mama yangu alipewa moja kazini kwake, akalirudisha siku ileile. Kwani nyinyi mnalo?"

Burulai aligeukia daftari lake.

"Mnalo!" Nazik alipiga kofi dawati. "Basi unashangaa nini? Baba yangu yupo, baba yako hayupo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaipata."

"Nyamaza, Nazik."

"Nimenyamaza. Lakini hesabu ndiyo hiyo."

Hesabu ile ilimfuata Burulai siku nne. Ilikaa naye mezani, ikalala naye kitandani. Aliliangalia ua na kuona jinsi mashina yalivyorefuka na jinsi yalivyoelekea mlangoni. Kwa kweli yalielekea kwenye mwanga, kama mimea yote. Lakini mtu aliyekwisha kuamini jambo huliona kila mahali.

Alhamisi mama alikwenda zamu kwenye kiwanda cha mikate. Nje, kipimajoto kilichofungwa dirishani kilionyesha nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Alipotoka shule, Burulai alipanda kiti, akaufungua wavu kwenye msumari, akalibeba ua mikononi. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani.

"Nisamehe," aliliambia. "Baba lazima arudi."

Angeweza kulitupa, lakini mama angeuliza. Kwa hiyo alikuwa amepanga. Aliliweka roshani, juu ya sanduku la viazi, akafunga mlango, akasimama akilitazama kupitia kioo. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha majani yakaanza kung'aa, yakakakamaa, yakawa kama yamechongwa kwa kioo. Yalikuwa mazuri kuliko siku zote. Burulai aligeuza uso.

Baada ya saa moja alilirudisha kwenye msumari wake. Joto la jikoni lilipoyagusa majani, yalilegea yote pamoja, yakawa meusi, yakaning'inia kama mchicha uliochemshwa kupita kiasi. Maji yenye rangi ya zambarau yalidondoka sakafuni, tone moja moja. Burulai aliyafuta. Halafu alifungua kidirisha kidogo cha juu, kile cha kuingizia hewa, akakiacha wazi. Mama akiuliza, atasema upepo umekifungua. Uongo wake ulikuwa tayari, umenyooshwa na kukunjwa kama nguo ya sikukuu.

Lakini haukuhitajika.

Mama aliingia jioni, unga kwenye nyusi, akasimama mlangoni mwa jikoni. Alilitazama ua. Alikitazama kidirisha. Mfuko wa mkate ulimtoka mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi nilifungua moshi wa mafuta utoke. Nikasahau kufunga. Ni mimi, Burulai. Nimeliua kwa mkono wangu."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Pengo lilikuwa wazi mbele ya Burulai, upana wa neno moja. Angesema "hapana" tu, mambo mengine yangefuata yenyewe. Badala yake aliinama, akauokota mfuko wa mkate.

Mama aliketi sakafuni bila kuvua koti, akaanza kulia. Burulai hakuwahi kumwona akilia hivyo; baba alipoondoka hakulia, wala simu ilipoacha kulia yeye hakulia. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto, akisema, "Mama, nisamehe. Mama, nimeshindwa kukutunzia." Burulai alichukua muda kuelewa kwamba mama hakuwa akizungumza naye. Alizungumza na mama yake mwenyewe, yule aliyelala kaburini milimani.

Jumapili ilifika. Burulai aliketi karibu na simu tangu saa nne. Ilipotimu saa tano alizuia pumzi. Saa sita alikuwa bado ameketi. Mama alipanga mabakuli matatu, akatia chai mawili. Chungu cha ua kilikuwa kitupu juu ya kabati; mama alikuwa ameng'oa kila kitu akitafuta kipande kilicho hai, asikipate. Msumari ulibaki peke yake juu ya dirisha.

Wiki nzima mama alikuwa akiamka, anakigusa kidirisha kuhakikisha kimefungwa, anakwenda kazini, anarudi, anakigusa tena. Hata katikati ya kula aliinuka kukigusa. Kila alipofanya hivyo, Burulai aliinamia sahani yake.

Jumapili iliyofuata bomba lililia tena. Ngo! Ngo! Ngo!

"Nenda wewe," mama alisema akiwa amelala, uso ukutani. "Mwambie kichwa kinaniuma."

Bibi Kalipa alimpokea kwa kelele zake za kawaida. "Mama yako anaumwa kichwa tena? Huyo anaumwa chakula! Hebu mwone na mtoto wake, mifupa mitupu. Keti. Hapana, usiketi kwanza. Mpelekee babu yako chai chumbani, magoti yangu yamegoma na mgongo wake umegoma. Nyumba nzima imegoma, ni mdomo wangu tu unaofanya kazi."

Burulai hakuwahi kuingia chumbani kwa wazee hao. Wageni huishia jikoni. Alisukuma mlango kwa bega, bakuli la chai mikononi.

Mzee Jumabai, mume wa Bibi Kalipa, alikuwa kitandani, miwani puani, gazeti tumboni. Upande wa kichwa chake palisimama kabati la nguo. Na kutoka juu ya kabati hilo, likishuka mpaka karibu kumgusa sikio, lilimwagika ua la kuning'inia, zito, lenye afya, mistari ya fedha juu na zambarau chini.

Chai ilimwagikia Burulai vidoleni. Hakuisikia.

"Habari za mgongo, Babu?" aliuliza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, lakini macho yake hayakutoka kwenye ua.

"Mgongo upo, na mimi nipo nao," Mzee Jumabai alisema. "Mbona umesimama kama umeona mzimu?"

"Babu... ua hilo liko hapo tangu lini?"

"Hili? Miaka mitatu. Linanipiga pambaja kila nikigeuka."

"Na halijakufukuza?"

Mzee alishusha miwani. "Linifukuze mimi? Mwanangu, bibi yako ananijazia bakuli la chai mpaka ukingoni kila asubuhi, na unajua kwetu mgeni akijaziwa bakuli maana yake nini."

"Kwamba aondoke."

"Kwamba aondoke! Miaka arobaini na moja ananijazia, na bado nipo. Ua litaweza nini?"

Alicheka mpaka mgongo ukamkamata. Burulai naye alianza kucheka, bila kutaka. Halafu kicheko kikamfia mdomoni. Kwa sababu hesabu ya Nazik ilikuwa imegeuka mbele ya macho yake. Kama ua halimfukuzi mtu, basi baba hakufukuzwa. Kama hakufukuzwa, basi simu hainyamazi kwa ajili ya ua. Na hata ua sasa halipo.

Aliweka bakuli chini, akafunika uso, akalia.

Bibi Kalipa alikuja mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu. "Umemfanya nini mtoto?"

"Mimi? Mwulize wewe!"

Burulai alisema yote. Alisema maneno aliyoyasikia koridoni, saa moja ya roshani, kidirisha alichokifungua, na mama aliyeketi sakafuni na koti lake akijilaumu.

"Ulimi wako, Kalipa," Mzee Jumabai alisema polepole. "Nimekwambia mara ngapi?"

Bibi Kalipa aliketi ukingoni mwa kitanda. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo Burulai hakuwahi kuisikia kwake: "Niliyasema ili chai ipate maneno. Wala siyaamini. Ningeyaamini ningelala chini ya kitu hiki?" Akanyanyua shina moja, akalitazama. "Na unajua lilitoka wapi? Jikoni kwenu. Nilikinyofoa kipande mama yako alipogeuka kumimina chai. Watu husema shina la kuomba halishiki, la kuiba ndilo linaloota. Nikaliingiza kwenye mkono wa sweta, nikanywa chai yake huku nimelificha. Ndiyo maana liko chumbani, mama yako asilione."

"Kwa hiyo ni la bibi?" Burulai aliuliza. "Ni lilelile la bibi wa kijijini?"

"Lilelile."

Bibi Kalipa alichukua mkasi. Alikata mashina saba, marefu, akayafunga kwenye kitambaa cha kichwa. Kisha akashika ukuta, akaanza kupanda ngazi, magoti yakilia. Burulai alimshika mkono. Kwenye kila ghorofa ngazi ni kumi na sita, na Bibi Kalipa alipumzika mara mbili.

Mama alikuwa bado ameukabili ukuta.

"Mama," Burulai alisema kabla woga haujamrudia. "Si wewe. Kidirisha nilikifungua mimi. Ua nililiweka mimi roshani. Nilitaka baba arudi."

Mama aligeuka. Alimtazama Burulai, akamtazama jirani aliyesimama na mzigo wa kijani kifuani, kama yeye mwenyewe alivyosimama siku ile ya theluji.

"Anza na mimi, Zuura," Bibi Kalipa alisema. "Mtoto aliyapata kinywani mwangu. Na ua hili nililiiba kwako. Nitukane kwanza, ndipo umguse yeye."

Lakini mama hakutukana mtu. Aliyapokea mashina, akayanusa, akayaweka mapajani. Burulai alitamani apigwe, ili yaishe.

"Keti hapa," mama alisema mwishowe. "Baba yako yuko hai, na ana afya. Hilo ulijue kwanza. Lakini hatarudi. Ana nyumba nyingine huko sasa. Aliniambia mwezi wa tisa. Mtandao si mbovu, Burulai. Haukuwahi kuwa mbovu."

Burulai alihisi baridi ya roshani ikimwingia yeye, kuanzia vidoleni. Hakulia. Machozi yalikuwa yameishia chini, chumbani kwa Mzee Jumabai. Aliuliza tu, "Ni kwa sababu yangu?"

"Hapana. Wala si kwa sababu ya ua, wala ya maandazi yangu. Ni mtu mzima aliyechagua. Utamkasirikia, utamkumbuka, vyote viwili siku moja. Mimi ndivyo nilivyo."

Bibi Kalipa alikuwa anafuta macho kwa upindo wa gauni. Mama alimshika bintiye kidevu, akamwinua uso.

"Sasa nisikilize vizuri. Kuliweka ua roshani lilikuwa kosa la mtoto anayemtaka baba yake. Hilo nimelisamehe. Lakini uliniona nikijilaumu siku kumi, ukanyamaza. Hilo ndilo zito. Anayebebeshwa kosa lisilo lake huumia mara mbili, na anayembebesha hapumui. Ulipumua?"

"Sikupumua, Mama."

"Na mimi nilikosea kabla yako. Nilidhani nikikuficha nitakukinga. Kumbe nilikuacha gizani peke yako, ukaokota jibu la kwanza uliloliona sakafuni. Nyumba hii imeharibiwa na ukimya wetu wawili. Ua halikufanya kitu."

Siku hiyo waliyaweka mashina kwenye gilasi ya maji dirishani. Siku ya tano vijizizi vyeupe vilitokeza kwenye vifundo, vyembamba kama nyuzi. Jumapili ya pili mama aliyapanda kwenye chungu kilekile. Kisha akafungua kabati, akalichukua bakuli la tatu, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha ndani, nyuma ya mengine. Mkono wake ulikawia pale kidogo. Burulai alimwona, na mama alijua ameonwa, na hakuna aliyejifanya kwamba hapakutokea kitu.

Ukutani bomba lililia mara tatu.

"Atangoja," mama alisema.

Burulai alipanda kiti. Mama alimshikilia miguu. Wavu ulikuwa uleule, mafundo ya baba yakiwa bado yamekaza. Msichana alilitundika ua kwenye msumari; mashina yalikuwa mafupi, hayakufika hata ukingo wa chungu. Alibaki amesimama juu ya kiti, uso wake karibu na majani, na aliposema, alisema kwa sauti kubwa ili mama asikie kila neno:

"Mama, nakuahidi. Sitakuacha tena ubebe kosa langu, hata saa moja. Hata kama ni kubwa kuliko hili, nitakuja nikwambie mimi mwenyewe."